Mwaka Wingu la Igembe Lilipotoweka

Nina wanangu watatu. Wa kwanza namlisha uji ukiwa bado unatokota. Wa pili namlisha uji uleule ukishapoa kidogo. Mziwanda haambulii kitu ila kukomba sufuria. Basi niambie wewe uliyekaa hapo: mbona mziwanda ndiye mkubwa wa mwili kuliko kaka zake wote?

Fikiri taratibu, sina haraka. Ukishindwa utanipa mji, kama desturi ilivyo, nami nitautembelea mji wako, nile, nishibe, ndipo nikufumbulie. Ila jihadhari na mji unaonipa. Yuko mzee mmoja alinipa mji kwa mzaha, akaja kuumeza mzaha wake mzimamzima.

Enzi hizo mabwawa yalikuwa yamekauka zamani, na sisi wa mlimani tuliishi kwa pumzi ya mlima. Huko juu kabisa, Igembe, kulikuwa na kisima kilichochimbwa hadi kwenye moto wa chini ya ardhi. Mvuke uliotoka humo ulipiga gurudumu moja kubwa lenye mapanga, gurudumu likazungusha jenereta, na umeme ukashuka kwa nyaya mpaka Lusungo, mji wa kati, wenye chai na maparachichi, halafu mpaka kwetu Kipera, bondeni, kwenye mpunga na mto.

Gurudumu hilo lilichongwa kwa chuma cha anga. Mababu zetu walirusha vyombo huko juu ya mawingu, vikazeeka, vikaanza kudondoka kama maembe mabovu, na wahunzi wa Igembe wakaviokota nyanda za Usangu. Chuma kingine hakikuweza kustahimili kukimbia vile. Na vyombo vilipokwisha kudondoka, ndiyo basi, chuma cha anga kikawa kilekile kilichokuwa kinazunguka.

Lilipozunguka lililia. Si mlio wa mashine ya kusaga, la. Ni ukelele mwembamba unaoingia kwenye meno. Watu wa Igembe walizaliwa ndani ya ukelele huo, wakaoa ndani yake, wakazikwa ndani yake. Ndiyo maana Mwigembe hata akikupa pole msibani anakupigia kelele utadhani anakufukuza. Na kwa kuwa maneno hayasikiki sawasawa, sheria yao ilikaa mikononi. Kwenye uwanja wao, chini ya wingu, mtu akisema jambo mkono wake wa kulia ukiwa juu, jambo limekwisha. Hakuna kusema nilitania.

Nimesema wingu. Mvuke uliokwisha kulipiga gurudumu ulitoka kwa bomba pana ukapanda mbinguni, mweupe, mnene, usiku na mchana. Waigembe walilipenda wingu lile kama mtu apendavyo ng'ombe wake. Likiwa nene, wanasema mwaka ni wa neema. Maharusi walisimamishwa chini yake mpaka nguo zilowe. Sisi wa Kipera tukitazama juu tunaliona, na watani wetu hawakuacha kutukumbusha: "Ninyi mnakula tulichokwisha kupumua!"

Hivyo ndivyo tulivyoishi, mpaka fundi mmoja alipopitisha kidole kwenye tumbo la gurudumu na kukuta ufa mwembamba kama unywele.

*

Mhandisi waliyemwita ni mjukuu wangu, Atuganile, mtoto wa binti yangu. Kazaliwa Kipera, kasomea Igembe, kisha akaenda mbali akarudi na maneno mengi. Alikuja kwangu kwanza, akala mbalaga, ndizi zetu za kuchemsha, akanywa maziwa, halafu akachukua mkaa jikoni akaanza kuchora kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki.

"Atu, sakafu yangu."

"Bibi, nitafuta. Hebu tazama kwanza. Hapa ni kisima. Mvuke una presha ya ajabu. Ukiuachia wote kwa mkupuo, unatoka kwenye tundu kama risasi. Sasa gurudumu likitaka kuivuna kasi hiyo yote, lazima nalo likimbie karibu nusu yake. Na gurudumu likikimbizwa hivyo linajivuta lenyewe kutoka katikati. Siku moja linachanika."

"Na likikimbia polepole?"

"Mvuke unalipita na nguvu zake bado mwilini. Unatoka nje bila kufanya kazi."

"Unakwenda wapi?"

Akanitazama, akacheka. "Bibi, lile wingu unadhani ni nini?"

Nilishika kiuno. Miaka yote ile watani wetu wanajivunia wingu, kumbe ni kama mtu kujivunia gunia linalovuja.

Akanieleza kwamba dawa ni kuigawa kazi ya mvuke kwa magurudumu zaidi ya moja, na njia ziko mbili. Ya kwanza, unauacha mvuke uporomoke presha yake yote mara moja, halafu kasi ile inadakwa na safu mbili za mapanga kwenye mhimili mmoja. Kati ya safu hizo yapo mapanga yaliyosimama, hayazunguki, kazi yake ni kuugeuza mvuke tu, uikabili safu ya pili.

"Ni kama mtu aliyeporomoka mteremko wote wa Igembe," nikasema, "huku chini wamesimama wawili kumdaka. Wa kwanza anabebwa mzegamzega, wa pili anamshika kwa kidole."

"Ndivyo hasa. Safu ya kwanza inavuna karibu yote, ya pili makapi. Lakini ni mtambo mfupi, mgumu, hausumbui. Unakaa wote Igembe."

"Na njia ya pili?"

"Ya pili ni ngazi. Huporomoki, unashuka kidato kimoja kimoja. Presha inapunguzwa kidogo, gurudumu linapata chake. Inapunguzwa tena, lingine linapata. Hakuna gurudumu linalokimbia mbio za kujiua."

Akachora magurudumu matatu: moja Igembe, moja Lusungo, moja Kipera, na bomba likishuka mlima kuyaunganisha. La Igembe lilikuwa dogo kama sahani. La Lusungo kama sinia. La Kipera lilijaa mpaka kwenye miguu ya meza yangu.

"Umekosea," nikamwambia. "Sisi wa mwisho, mvuke umekwisha nguvu. Sahani ndiyo yetu."

"Sikukosea, Bibi. Mvuke ukipungua presha unavimba. Unataka nafasi. Wa mwisho ni mnyonge lakini ni mwingi, unahitaji mapanga marefu kuukumbatia wote."

Hapo ndipo kitendawili changu kilipozaliwa, mle jikoni, kabla mkaa haujafutwa.

Lakini Atu hakuwa na uso wa furaha. Chuma cha gurudumu la zamani kikiyeyushwa, kingetosha mtambo mfupi wa Igembe na kingine cha kuweka akiba. Au kingetosha magurudumu matatu, bila akiba hata ya msumari. Mtambo mfupi ungeleta umeme wa miji miwili tu. Baraza la Mvuke lilikwisha kuandaa jibu la mji wa tatu: Kipera ihamishwe, watu wapandishwe wakajazane pembezoni mwa Lusungo.

"Kuna watoto njiti kwenye zahanati ya Igembe," akasema. "Wanalala kwenye mashine za joto. Siku ya kubadilisha mtambo watakuwa kwenye betri, na betri zinakaa kutwa moja tu. Nikichagua mtambo mfupi, najua utawaka. Nikichagua ngazi, naamini utawaka. Kujua na kuamini si kitu kimoja, Bibi."

"Na huku kwetu?"

"Huku kwetu kuna kaburi la mama," akasema, akaanza kufuta sakafu.

*

Baraza lilikaa uwanjani Igembe, chini ya wingu, sote tumelowa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Gwamaka, mtu wa mabega mapana na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Kitukuu chake cha kike kilikuwa kimezaliwa kabla ya wakati, kiko mle zahanati, kwenye mashine ya joto.

Atuganile alieleza njia zote mbili bila kuficha. Alitaja hatari ya betri yeye mwenyewe, hakungoja aulizwe. Kisha akaeleza jambo ambalo hata mimi sikulisikia jikoni. Kule mwisho, Kipera, mvuke uliotoka gurudumu la tatu usitupwe angani. Uingizwe kwenye tangi lililofungwa, lipozwe kwa maji ya mto wetu. Mvuke ukipoa ghafla unarudi kuwa maji, unasinyaa, unaacha utupu nyuma yake, na utupu huo unauvuta mvuke unaofuata.

"Yaani mto ndio utakaokuwa unanyonya," akasema kwa sauti ya juu. "Gurudumu la mwisho litasukumwa na kuvutwa kwa pamoja. Linaweza kutoa umeme sawa na la Igembe, pengine zaidi."

Uwanja ulivuma. Mtu akapaza sauti: "Chuma kingi kiende mkiani?" Mwingine: "Na wingu letu?"

"Wingu halitakuwepo," akasema Atu.

Hapo pakachafuka. Mzee Gwamaka aliwanyamazisha kwa viganja, akamwinamia mjukuu wangu.

"MJUKUU! Nakuuliza mbele ya watu! Ungekuwa umezaliwa hapa Igembe, ungechora hivi?"

Atu alifungua mdomo. Nilimwona anatafuta, hakupata, akaufunga. Wazee walianza kutikisa vichwa. Nikaona tunakwenda kushindwa, na uongo si kazi ya mjukuu wangu. Basi nikasimama. Sisi na Igembe ni watani, na mtani haombi ruhusa.

"Mwenyekiti! Nina kitendawili!"

Watu wakacheka. Hata mtu akiwa na haraka kiasi gani, hawezi kumpita mtani anayetega. Gwamaka naye akacheka: "TEGA, mchumba, lakini kiwe kifupi!"

Nikamtegea hicho nilichokutegea wewe. Akasema mtoto wa kambo. Nikasema hapana. Akasema nguruwe. Watu wakashika mbavu. Akasema kivuli, na hilo likawachekesha zaidi, maana chini ya wingu lile kivuli walikisikia kwenye hadithi tu.

"Umeshindwa. Nipe mji."

Alifuta maji usoni, akatazama huku na huku kutafuta mzaha mkubwa, akaupata. Akainua mkono wake wa kulia juu kabisa, ili watu wote waone utani wake.

"NAKUPA KIPERA! Si unaupenda? Nenda ukaule!"

Kicheko kilianza, kikakatika katikati. Walioutazama mkono ndio walionyamaza kwanza. Mwenyekiti mwenyewe aliyafuata macho yao, akauona mkono wake ungali huko juu, peke yake, kama bendera iliyosahauliwa.

"Ndaga," nikasema, ndiyo ahsante ya kwetu. "Nimeupokea. Sasa mji ni wangu, na mwenye mji sikubali uhamishwe. Naomba chuma cha mji wangu."

"BIBI, NILITANIA!"

"Chini ya wingu?"

Nilidhani Atu atafurahi. Alinisogelea, uso umekunjamana. "Bibi, sitaki kushinda kwa kitendawili. Kuna watoto mle ndani." Akawageukia wazee, akapaza sauti mpaka ikamkwaruza. "Wazee wangu, mkono ule msiuhesabu! Mniambie tu kama mko tayari kubeba siku moja ya hofu, ili pasiwe na mji unaofutwa. Mkikataa, nitawajengea mtambo mfupi, na nitaujenga vizuri kama wa kwetu."

Hakuna aliyelitarajia hilo. Gurudumu likawa linalia peke yake. Wa kwanza kuinua mkono alikuwa muuguzi wa zahanati, Bi Subilaga, yeye anayewalisha wale watoto kwa kitone. Baada yake mmoja, wawili, halafu uwanja mzima ukaota mikono. Gwamaka alikuwa wa mwisho. Aliuinua taratibu, safari hii akiujua.

"Na jibu la kitendawili?" akaniuliza.

"Jibu utaliona linazunguka," nikamwambia. "Ukilijua mapema utadai mji wako."

*

Ujenzi wa bomba lile ungeuona! Adui wa mvuke ni baridi. Ukipoa njiani unageuka maji kabla ya kazi. Basi kila kaya ililivika bomba kipande chake. Mlima wetu umejaa jiwe povu, lile jepesi linaloelea majini. Tuliliponda, tukalipanga kulizunguka bomba, juu tukafunga majani makavu ya migomba, tabaka juu ya tabaka, kama mtoto anavyofungwa mgongoni. Wanawake wa Lusungo walifunga vizuri kuliko sisi, nakiri. Juu ya majani Atu akapaka ile rangi hai aliyokuja nayo kutoka masomoni, inayofuata presha ya ndani: nyekundu presha ikiwa kali, rangi ya chungwa ikishuka, buluu ikiwa nyonge.

Gurudumu la zamani lilizimwa asubuhi ya mwisho wa msimu wa mpunga, likayeyushwa. Siku zile za kusubu magurudumu mapya, zahanati ilishikiliwa na kijenereta kidogo cha kisimani, kinachokula mvuke mbichi na kuutema wote juu, hivyo wingu likabaki, tena nene. Watu wakafarijika nalo.

Siku ya kuwasha, kijenereta kile nacho kilizimwa, maana ngazi ilihitaji mvuke wote. Taa ya ukutani pale zahanati ikageuka njano: watoto wako kwenye betri.

Tulisimama penye vali kuu, Atu, Mwenyekiti, Bi Subilaga na mimi kama mwenye mji. Watu walijaza uwanja. Kule bondeni alikuwapo Ikupa, fundi wa Kipera, mwanamke mwenye mikono kama ya mkulima wa viazi, akiwa na redio.

Atu akafungua vali.

Gurudumu la kwanza, lile sahani, likaanza kuzunguka. Tukangoja ukelele. Haukuja. Lilinguruma tu, kama paka. Bomba likawiva jekundu kutoka miguuni petu, rangi ikateremka mlima mbele ya macho yetu, ikapita mashamba ya chai, ikaingia Lusungo. Redio ikasema la pili limezunguka. Watu wakapiga vigelegele. Taa ya zahanati ikabaki njano. Umeme wa magurudumu mawili ulikuwa unakwenda kwenye pampu za kule mtoni; haujawatosha watoto.

Rangi ya chungwa ikatoka Lusungo, ikashuka, ikafifia kuwa buluu, na pale kwenye kona ya chini ya mlima ikasimama.

Wakati huohuo mtu akapiga yowe: "Wingu!"

Tukatazama juu. Wingu lilikuwa linachanika kama pamba kuukuu. Likabaki ukungu, likabaki uzi, likaisha. Jua likaingia uwanja wa Igembe. Watu wazima walirudi nyuma, wakainua miguu, wakitazama vile vitu vyeusi vilivyowagandia nyayoni. Watoto walikuwa wa kwanza kuelewa, wakaanza kukanyagana vivuli na kucheka. Lakini wazee walilia. Kwao mlima ulikuwa umekata roho.

"Umekufa," akasema Gwamaka. "MVUKE UMEKUFA!" Akauruka ukingo, akashika vali ya dharura, ile ya kukirudishia kijenereta mvuke. "Nawasha cha zamani. Kitukuu changu kimo humo!"

"Mzee, usifungue!" Atu alimkimbilia, lakini hakumgusa. "Bomba la chini bado linajipasha moto, kuna maji ndani. Ukilinyang'anya mvuke ghafla, maji yatarudi yakigongana na kuvunja mapanga ya magurudumu yote. Chuma kingine hatuna!"

"Na wingu liko WAPI?"

"Halipo kwa sababu hatulitupi tena! Liko ndani ya bomba, Mzee. Lote. Linakwenda kazini."

Aliishikilia vali. Mimi nilimwona si Mwenyekiti tena, nilimwona babu. Nikaenda nikasimama upande wake, kivuli changu juu ya kivuli chake.

"Mtani," nikamwambia, "nami nina damu yangu hapa. Huyu binti akikosea, sitakuwa na uso wa kurudi nao hata kaburini kwa mama yake. Ngoja pamoja nami. Vuta pumzi, ukitoa, uvute nyingine."

Akavuta. Akatoa. Mkono haukutoka kwenye vali, lakini haukuizungusha.

Kule kwenye kona, buluu ikatikisika. Ikasogea hatua. Ikasimama. Halafu ikateleza kama nyoka aliyeona maji, ikashuka bonde zima mpaka ikaingia Kipera, na redio ikalipuka:

"Limeanza! Limeanza kuzunguka! Polepole... jamani lilivyo kubwa! Haya, naingiza mto!"

Redio ikakwaruza. Halafu Ikupa akacheka redioni, kicheko cha mtu aliyemwagiwa maji baridi. "Linavutwa! Atu, mto unalivuta! Mishale yote ya vipimo imelala upande wa pili! Shikeni, nawaletea umeme!"

Nyaya zile ambazo tangu tuzaliwe zilishusha umeme kutoka juu kuja chini, siku ile ziliupandisha kutoka chini kwenda juu. Taa za Kipera, kisha za Lusungo, kisha taa ya ukutani pale mbele yetu. Njano. Njano. Kijani!

Wajukuu zangu, mimi nimehudhuria harusi nyingi, lakini shangwe ile sijaiona tena. Walicheza na vivuli vyao. Walimbeba Atu wakamzungusha uwanja mzima. Wazee waliokuwa wakilia waliendelea kulia, ila sasa kwa mdomo uliopanuka.

"MTOTO WANGU MZIMA?" Gwamaka alinguruma.

Sauti yake ilipasua uwanja, mbwa wakabweka, kuku wakaruka. Yeye mwenyewe alishtuka. Ndiyo kwanza anajisikia.

Bi Subilaga alitoa kichwa dirishani. "Mzima, Mzee. Amelala. Ukiendelea hivyo utamwamsha."

Mzee akafunika mdomo kwa kiganja. Akakaa kwenye ukingo wa zege, jua likimpiga kipara, akasikiliza. Nadhani alisikia ndege. Alikuwa na miaka mingi mno kwa mtu anayemsikia ndege kwa mara ya kwanza.

Aliponiita, aliniita kwa sauti ndogo, yenye kutu, kama mlango usiofunguliwa.

"Mchumba. Wanao ni magurudumu. Uji ni mvuke. Mziwanda anakomba sufuria, lakini makombo yamevimba, ndiyo maana kapewa mwili mkubwa."

"Umepata."

"Basi nirudishie mji wangu."

"Mji uliokwisha kuliwa haurudi," nikasema, "ila karibu utembee. Tutakuchemshia mbalaga."

Akacheka bila sauti, mabega tu. Kisha akamtazama Atu, ambaye watu walikuwa wamemshusha, nywele zimejaa majani makavu ya migomba.

"Mjukuu," akasema, polepole vilevile, "nilikuuliza jambo barazani, hukunijibu. Sikuulizi kwa hila sasa, wala hakuna wa kuinua mkono. Ungekuwa umezaliwa Igembe, ungechora hivi?"

Atu alikaa chini karibu naye. Alitazama bomba likishuka, jekundu, chungwa, buluu, mpaka pale lilipopotelea kwenye mpunga wetu. Safari hii hakutafuta.

"Hapana, babu," akasema. "Ningezaliwa huku, ningewajengea wingu nene zaidi. Nimechora hivi kwa sababu nilipokuwa mdogo mama alikuwa akiniogesha mtoni Kipera alfajiri, nami nikilia, na tangu siku hizo najua maji yale yana baridi kiasi gani."